Motokaa ya Kupe na Kilima cha Sirisia

Mwenzenu nimerudi Mombasa juzi baada ya safari ndefu ya bara, hadi Sirisia, katika Bungoma, chini ya Mlima Elgon na karibu na mpaka wa Uganda. Sikwenda kutembea wala kughani mashairi. Niliitwa kuikagua motokaa.

Aliyeniita ni mpwangu, mtoto wa marehemu dadangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari huko, na huu ni mwaka wake wa tatu. Alinipelekea picha tatu kwa simu, na chini yake maneno haya: "Mjomba, tafadhali njoo uione kabla sijatoa pesa." Motokaa yenyewe ni Toyota Celica nyekundu, ya milango miwili, imeinama kama paka anyemeleaye panya, na iliundwa Japani mwaka 2001. Mwenyewe, kijana wa Kitale, ataka shilingi 480,000. Pesa hizo nazijua zatoka wapi, kwani nilikuwapo zilipogawanywa: ni fungu la mpwangu katika mirathi ya mamake, lile shamba la minazi la Takaungu lililouzwa mwaka jana. Hana nyingine. Na mkewe, binti wa watu wa Mumias, ana mimba ya miezi sita.

Hapo ndipo nilipofunga mkoba wangu nikapanda basi. Naandika haya si kwa ajili ya mpwangu peke yake. Vijana wetu wengi, hapa pwani na huko bara, wanazitamani motokaa za sampuli hii, na ajabu ni kuwa kadiri zinavyozeeka ndivyo bei yake inavyokataa kushuka. Ajabu hiyo ina sababu zake, na iliyo kubwa yatoka katika sheria zetu wenyewe, si katika injini.

Kwanza nieleze jina, maana mimi ni mtu wa maneno. Motokaa ya milango miwili yenye mgongo uliokatwa, Wafaransa huiita kupe, yaani iliyokatwa, na dunia nzima imelifuata neno lao. Nasi kupe twamjua ni nani. Mpwangu nilipomwambia hivyo alicheka sana. Mkewe hakucheka.

Sasa tuje kwenye sheria. Sisi wa Mombasa ndio tuzionazo motokaa za Japani zikiteremshwa Kilindini, na wengi wetu tuna ndugu au jirani anayekula kwa kazi ya yadi au ya uwakala wa forodha. Kwa hiyo si siri kwetu kwamba Kenya hairuhusu kuingiza motokaa kuukuu iliyozidi umri wa miaka 8 tangu iliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, zilizokubaliwa ni zile zilizosajiliwa kuanzia 2018. Mwaka 2019 palizuka hata rasimu ya sera iliyotaka miaka hiyo ipunguzwe iwe 5, wafanyabiashara wakapiga kelele, na miaka 8 ikabaki.

Celica ya umbo hili ilianza kuuzwa 1999 na kiwanda kikaacha kuiunda mwaka 2006. Fanya hesabu, ndugu msomaji. Ya mwisho kabisa iliweza kuingia nchini kihalali hadi yapata 2014, na baada ya hapo mlango ukafungwa. Hii ina maana kwamba zilizoko Kenya ndizo hizo hizo, hazitaongezeka. Moja ikigonga mti huko Naivasha, zimepungua moja. Na kitu kisichoongezeka, kikawa kinapendwa, bei yake haiendi na ubora wake tena. Yaenda na mapenzi ya watu. Kwa hiyo ukionyeshwa Celica yenye namba mpya za KD, usifurahi haraka. Jiulize imeingiaje.

Na mapenzi hayo yametoka wapi? Hapa nakiri kosa langu, kwani hata mimi ni mgonjwa wa ugonjwa huo. Mwaka 1984 nilikuwa mtoto wa chuoni, namaliza msahafu, na siku za Pasaka masikio yetu yalikuwa kwenye redio ya Sauti ya Kenya tukisikiliza Safari Rally. Mwaka ule Björn Waldegård alishinda kwa Celica. Mwaka uliofuata akashinda Juha Kankkunen kwa Celica, na 1986 Waldegård tena. Ikaja 1990, ikaja 1992 na Carlos Sainz, ikaja 1993 ambapo Celica zilishika nafasi nne za kwanza, na 1994 akashinda Mkenya mwenzetu, Ian Duncan. Mtu aliyekulia miaka ile, ukimtajia Celica, haoni bati wala tairi; aona vumbi na helikopta.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na pengine wengi wao hawalijui. Celica zile za 1984 hadi 1986 zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Zile za 1990 hadi 1994 zilikuwa zikizungushwa na magurudumu yote manne, na zikiwa na turbo. Hii ya Kitale yavutwa na magurudumu mawili ya mbele tu. Jina ni moja, na nembo ni moja, lakini si mnyama mmoja. Motokaa iliyoshinda Safari na motokaa ambayo mpwangu alitaka kuitolea urithi wa mamake ni sawa na watu wawili wanaoitwa Ali.

Tulikwenda Kitale siku ya Jumamosi, mpwangu, mimi, na fundi mmoja wa Chwele ambaye mpwangu anamwamini. Njia yetu ilipita Chwele, Kimilili, Kamukuywa na Kiminini, mahindi yamefika magotini pande zote mbili. Yule fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Nilimuuliza, "Bwana fundi, wewe waonaje motokaa hizi?" Akanijibu, "Mzee, tuione kwanza."

Tulipofika, kijana mwenye mali alitupokea vizuri, akatuletea chai. Motokaa ilikuwa uani, imeoshwa inang'aa. Fundi aliizunguka mara moja, kisha bila kusema neno akaweka kiganja chake juu ya boneti. Akanitazama. Nami nikaweka changu. Ilikuwa moto.

Ndugu zangu mnakijua kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni Madina, akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Tulikisoma chuoni sote, na wengi tuliishia kukihifadhi tu. Lakini pale Kitale nilikiona kwa macho. Injini kama hii, ukiiwasha asubuhi ikiwa baridi, huweza kutoa moshi wa samawati, na moshi huo ndio ushahidi kwamba inakula oili. Ikishapata moto, moshi hutoweka na ushahidi hupotea. Mwenye kuiwasha kabla ya mnunuzi kufika ameufukia unyevu chini ya chungu. Simtuhumu kijana yule. Alisema alikuwa amekwenda nayo dukani, na huenda ni kweli. Tulimwambia tutalala Kitale na kurudi alfajiri kabla haijaguswa. Hakukataa, na hilo namhesabia.

Alfajiri tuliikuta ya baridi. Fundi akaiwasha mwenyewe, mimi nimesimama nyuma. Ukatoka moshi kidogo wa samawati, ukadumu muda wa kusoma Fatiha, kisha ukaisha. Akauchomoa mti wa kupimia oili. Ilikuwa chini ya alama ya kati. Mwenyewe akakiri kwamba huongeza lita moja kila baada ya wiki chache.

Fundi alinieleza, na baadaye nilihakikisha kwa mafundi wa hapa Mombasa. Injini iliyomo yaitwa 1ZZ, ya ujazo wa sentimita 1,794. Ni injini yenye mnyororo badala ya mkanda, na kwa jumla si mbaya. Lakini zilizoundwa miaka ya kwanza, hadi yapata 2002, zilikuwa na udhaifu katika pistoni: vitundu vinavyorudisha oili chini ni vidogo na vichache, huziba, ringi hushikamana, na oili huungua. Dawa yake ni kuifungua injini au kutafuta nyingine. Hapo kuna habari njema, kwani injini hiyo hiyo imo katika Corolla, katika Allion na Premio za 1800, na katika Wish, na motokaa hizo zimejaa nchini. Injini basi haimtishi mtu. Ipo nyingine ya Celica, ile ya 2ZZ ambayo Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha, yenye nguvu farasi 190. Hiyo ukiharibikiwa nayo Sirisia, kaa chini ulie.

Balaa ni bodi. Taa za mbele za Celica haziingii katika motokaa nyingine yoyote. Kioo cha mlango vilevile, bampa vilevile, na ule mlango mrefu wenyewe. Jiwe moja likirushwa na lori la miwa hapo Webuye likavunja taa, mwalimu wa Sirisia atampigia simu mtu wa Kirinyaga Road, Nairobi, zaidi ya kilomita 400, naye atamwambia angoje mpaka Celica nyingine ichinjwe. Ndiyo hali ya kitu kisichoongezeka: kila spea yatoka katika maiti ya mwenzake.

Kisha fundi akaipeleka uwanjani, akakata usukani hadi mwisho na kuizungusha polepole. Tukasikia upande wa kushoto, ka-ka-ka-ka. Motokaa inayovutwa na magurudumu ya mbele ina viungo kwenye ekseli vinavyoyawezesha magurudumu hayo kuzunguka na kupinda kwa wakati mmoja. Viungo hivyo hufunikwa kwa mpira uliojaa grisi. Katika barabara za changarawe mpira hukatwa na vijiwe, mchanga huingia, grisi hugeuka kuwa msasa, na kiungo hujisaga chenyewe. Sauti ile ndiyo kilio chake. Si gharama ya kutisha, lakini kwa njia za huko itarudi kila mwaka.

Nikaomba kuona karatasi. Kitabu cha motokaa kilikuwa kwa jina la mtu wa tatu, anayekaa Nairobi, ambaye kijana wa Kitale alinunua kwake miaka miwili iliyopita na hakuwahi kubadilisha. Sheria ya trafiki yatoa siku 14 tu za kuitumia motokaa kabla mwenyeji mpya hajaandikishwa. Hili watu hulidharau sana, na ndilo huwatia mashakani. Nilimwambia mpwangu mbele ya mwenye mali: usitoe hata shilingi kumi mpaka jina libadilishwe, kwani hivi sasa huyu ndugu anakuuzia kitu ambacho kwenye daftari la serikali si chake. Fiqhi yetu yampa mnunuzi khiyari ya kurudisha mali iliyofichwa aibu, lakini khiyari hiyo utaidai kwa nani ikiwa muuzaji mmoja yuko Kitale na mwingine hujamwona uso?

Tuliporudi Chwele, dalali mmoja sokoni aliyesikia habari zetu akamvuta mpwangu pembeni. Alikuwa na Celica nyingine, ya fedha, ng'ambo ya Lwakhakha, yenye namba za Uganda, kwa shilingi 250,000 za Kenya. Uganda haikuwa na kikomo cha umri wa motokaa hadi 2018, ilipopiga marufuku zilizozidi miaka 15. Ndiyo sababu kuukuu za Kijapani ni nyingi upande ule na bei ni ndogo. Mtu wa Sirisia aziona kila siku, zikipita mbele ya mlango wake. Lakini kuzimiliki ni jambo lingine. Mkenya akaaye Kenya, akiendesha motokaa ya kigeni isiyolipiwa ushuru, yumo mikononi mwa Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na motokaa yaweza kuchukuliwa. Wala hawezi kusema nitalipa sasa, maana mlango wa miaka 8 umefungwa, na hauna ufunguo wa pesa. Nilimkatalia dalali kwa adabu. Akasema, "Mzee, hapa watu wote wanafanya." Nikamjibu kuwa mwalimu wa watoto wa watu si watu wote.

Kuna na haya ya serikali yanayomwandama mwenye motokaa yoyote. Petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita Septemba 2023, miezi miwili baada ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 tozo ya barabara ikatoka shilingi 18 kwa lita ikawa 25. Na Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka kila mwenye motokaa alipe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, si chini ya shilingi 5,000. Tozo hiyo iliondolewa Juni 2024 vijana walipoanza kujaa barabarani, na siku chache baadaye, wengine wakiwa wamekufa, mswada wote nao ukaondolewa. Lililoondolewa namna ile, mwenye akili hasemi halitarudi.

Sasa nije kwenye kilima, ambacho ndicho kilichoamua, kwa maoni yangu.

Kijana wa Kitale, na namshukuru, alikubali kuileta motokaa Sirisia tuijaribu njia ya nyumbani. Mpwangu amepanga juu ya mteremko, yapata nusu kilomita kutoka barabarani, njia ya udongo mwekundu. Ilikuwa Jumatatu alasiri. Huko mvua hainyeshi kama masika yetu, inayokuja na pepo zake na kupita. Huko hukusanyika mlimani tangu mchana, na saa tisa hushuka. Iliponyesha nusu saa, tukasema twende.

Celica ilipita tambarare vizuri, kwani uzito wa injini u juu ya magurudumu yanayovuta, nayo yakashika. Tulipoanza kupanda, uzito ukarudi nyuma, mbele kukawa kwepesi, magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Mwenyewe akaongeza moto. Ikateleza upande upande, tumbo likakaa juu ya tuta la katikati. Nilikuwa nimepima mapema nafasi iliyo kati ya tumbo lake na ardhi kwa mkono wangu: haifiki shubiri moja.

Vijana wa bodaboda wakaja, wakaisukuma hadi chini. Mmoja wao akamwambia mwenye motokaa aigeuze apande kinyumenyume. Nilidhani ni mzaha. Akaigeuza, akaweka gia ya nyuma, na wallahi ikapanda, matako mbele, yalia, hadi mlangoni, kwa kuwa safari hii magurudumu yenye kazi yalikuwa upande wa chini palipo na uzito. Watu wakapiga makofi. Mke wa mpwangu alikuwa amesimama barazani na kanga yake kichwani, mkono tumboni. Akauliza swali moja tu, "Na usiku je?"

Hakuna aliyemjibu.

Haki ni kusema pia kwamba Probox, ambayo ndiyo farasi wa wilaya ile, nyingi zake nazo huvutwa na magurudumu ya mbele. Siku hiyo hiyo moja ilipanda kilima kile na magunia ndani, ikiyumba lakini haikusimama. Kosa basi si la magurudumu ya mbele peke yake. Probox imeinuka, tairi zake ni nyembamba na zinachimba, mlango wa nyuma wamwingiza mgonjwa akiwa amelala, na taa yake yapatikana Chwele. Nilijaribu kumwambia mke wa mpwangu aingie kiti cha nyuma cha Celica. Aliinama, akakitazama, akainuka.

Lau mpwangu angekuwa akikaa Nyali au Tudor, kwenye lami, na pesa zake ni za ziada, ningemwambia alipe 380,000, abadilishe ringi, aifurahie. Ni motokaa tamu. Niliiendesha mwenyewe kutoka Chwele hadi Sirisia, na kwa dakika ishirini nilikuwa na umri wa miaka 14. Lakini kwa kilima kile, kwa ujauzito ule, na kwa fungu lile la Takaungu, nilimwambia hapana. Nilimwambia mara moja tu, usiku, baada ya Isha, kisha nikanyamaza, kwa kuwa mali ni yake.

Alikaa kimya sana. Akasema, "Mjomba, mama angeipenda." Huenda ni kweli, dadangu alikuwa mtu wa kupenda mambo.

Asubuhi ya siku niliyoondoka alimpigia simu kijana wa Kitale nami nikisikia. Akamwambia kwamba ataingoja Januari, mvua zikiisha na mtoto akiwa amezaliwa, insha Allah, ndipo wazungumze upya, na kabla ya hapo jina la kitabu liwe limebadilishwa. Yule kijana akamjibu kwa upole kuwa hana neno, lakini ikifika Januari bei itakuwa 520,000.